Picha ya Kifua Iliyoimbwa

Njia ya kwenda nchi ya Mazoea msiniulize. Siijui, na hata ningeijua nisingemwelekeza mtu ninayempenda. Waliofika huko wanasema unalala kwenu na shida yako, unaamka uko langoni mwao umeshika ulichokishika. Mwasiti Kingalu, msusi wa Matombo, aliamka pale mkono mmoja umemshika mwanawe Semeni na mwingine umeshika kishikwambi. Haya ni ya kwake, alinihadithia mwenyewe, na kila nikiyarudia damu inanichemka upya. Mkiona nimepandisha sauti mnivumilie.

Semeni alikuwa na miaka minane na jina lisilomfaa wakati ule, kwa sababu kusema hakuweza. Alikuwa akitafuna kifungo cha chuma cha sketi yake ya shule, mwenzake akamchekesha, kifungo kikapita njia ya pumzi badala ya njia ya chakula. Tangu hapo kila akivuta hewa kifua kilipiga mluzi, na akijaribu kusema yalitoka makwaruzo matupu. Hospitali ya kwao walimpiga picha ya kifua, wakaitia kwenye kishikwambi cha mama yake, wakakiri kwamba kukitoa kifungo hawawezi. Ila walisikia Mazoea yuko daktari aitwaye Shani, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, basi mama afanye upesi. Picha ile ndiyo ingemwonyesha daktari kifungo kimekaa wapi. Bila picha angekuwa anapapasa gizani ndani ya kifua cha mtoto.

Langoni alikuwapo karani mwenye kofia ya bluu, meza, na mihuri miwili. Alimpokea Mwasiti kwa adabu nyingi na kumweleza sheria ya nchi. Mazoea mtu hafungui kitu chake mwenyewe. Ukivuka lango, kioo cha kishikwambi chako kinakuwa cheusi tii, na kila kilichomo ndani hubebwa na matarishi hadi kwenye nyumba ya kukifungulia. Kuna Nyumba ya Nyimbo, Nyumba ya Hesabu, Nyumba ya Picha, na nyingine nyingi. Kila kitu kina jina na kina mkia. Jina ni la mwenyewe, mkia ni wa serikali, mmoja kwa kila aina ya kitu, na tarishi huangalia mkia tu. Kilichomo ndani hakimhusu mtu.

Mwasiti alishangaa lakini akakubali, ugenini ni ugenini. Karani akamtaka atoe kitu kimoja cha kufungulia, chochote, ili taratibu zianze. Akachagua picha ya jogoo wao wa nyumbani, maana Semeni alimpenda sana jogoo yule. Ikafunguliwe wapi? Ng'ambo ya barabara madirisha ya Nyumba ya Nyimbo yalikuwa wazi, tarumbeta inalia, na Semeni, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hacheki, aligeuza uso kule akatabasamu. Mama mtu akaona hilo akasema, basi, pale pale.

Karani akainua uso. "Leo tu, au siku zote?"

Sasa nawaombeni mnisikilize hapa. Mtu aliyelelewa vizuri Matombo akiulizwa kama milango iko wazi leo tu au siku zote, anajibu nini? Atamwambia mtu leo tu, kana kwamba anamfukuza? Mwasiti alidhani ni ukarimu. Alidhani anaulizwa kama atapenda kuja tena. Akacheka kidogo kwa heshima, akajibu kama tunavyojibu sote.

"Siku zote, baba. Siku zote."

Karani akapiga muhuri. Baadaye sana ndipo Mwasiti alipokumbuka jinsi mihuri ile ilivyokuwa: mpini wa SIKU ZOTE ulikuwa umelika kwa kushikwa, na ule wa LEO TU ulikuwa bado unang'aa kama umetoka kwa fundi jana. Dakika chache baadaye waimbaji wakatoka kibarazani wakamwimba jogoo, na Semeni akacheka bila sauti hadi mluzi wa kifua ukamzidi. Mama akambeba mgongoni wakaenda kwa daktari.

Daktari Shani alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucha zilizokatwa hadi nyamani, na maneno machache. Alimlaza Semeni, akasikiliza kifua kulia na kushoto, uso ukambadilika. Akasema kazi ifanywe leo hii, kabla uvimbe haujaziba kilichobaki. Vyombo vilikwisha kuchemshwa. Akatuma tarishi alete picha ya kifua, na wote wakakaa kuingoja.

Kilichokuja ni waimbaji. Waliingia chumba cha mgonjwa wamevaa kanzu za kijani, wakajipanga wafupi mbele warefu nyuma, wakakohoa kusafisha koo, wakaanza:

"Kifua cha Semeni, ewe kifua cheupe,
mbavu zimejipanga, kila moja na mwenzie,
na katikati nyota, nyota ya chuma, ee!"

Daktari alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu sheria inakataza kumkatiza mtu wa nyumba iliyopewa kitu siku zote. Sauti zilikuwa nzuri, hilo Mwasiti halikatai hata leo. Walipomaliza wakainama, wakangoja kupigiwa makofi. Hakupiga mtu. Daktari aliuliza nyota hiyo iko upande gani, wakamjibu kwamba iko katika ubeti wa kwanza.

Daktari akamgeukia mama. "Mama Semeni, wameimba vizuri. Lakini mimi siwezi kuingiza koleo kwenye wimbo."

Mtauliza kwa nini mtoto asipigwe picha nyingine. Mwasiti naye aliuliza. Picha nyingine ingekuwa na mkia uleule, ingekwenda kulekule, ingeimbwa vilevile. Ndipo alipoelewa alichokisema langoni.

Alimwacha mtoto na daktari akakimbia Nyumba ya Picha. Ilikuwa jirani kabisa, kuta zimepakwa chokaa, taa zinawaka, wafanyakazi wamekaa wamekunja mikono mbele ya ukuta mtupu. Kazi yao yote ni kuonyesha picha na walikuwa hawana picha hata moja. Aliwasihi. Wakamsikitikia kwa dhati, mmoja wao akatokwa na machozi, lakini wakasema mkia ule si wao tena, ameutoa mwenyewe kwa kinywa chake, na aende Wizara ya Mikia.

Jamani, Wizara ya Mikia. Ina ghorofa nyingi kuliko hospitali, na mwenye nchi hiyo alaaniwe kwa hilo peke yake. Kwenye dawati la kwanza alielezwa azime kishikwambi akiwashe. Akazima, akawasha. La pili wakamwambia vivyo hivyo. Akasema ametoka kukizima sasa hivi, wakamjibu kwamba huko alikizima kwa dawati la kwanza, hapa hajakizima. Alipanda ngazi akizima na kuwasha hadi kidole gumba kikamuuma, na kila alipofika walimpongeza kwa ushirikiano. Hakuna aliyemuuliza mtoto anaendeleaje.

Juu kabisa alikuwapo Katibu wa Mikia, mtu mrefu mwenye sauti laini, ambaye alimkaribisha chai. Alikataa chai. Katibu akamweleza kwamba njia ipo, nayo ni kuikata picha mkia na kuifunga mkia mwingine. Mwasiti aliona kama amefunguliwa dirisha. Wakaukata, wakafunga mkia uliokuwa karibu, tarishi akatimua mbio. Kumbe mkia ule ulikuwa wa Nyumba ya Hesabu. Majibu yakarudi yamepigwa chapa safi: mbavu zote zimejumlishwa na ziko sawa, mapafu yamejumlishwa na yako sawa, imeonekana ziada ya kipande kimoja, na kwa kuwa ziada hiyo haikuwapo mwanzoni, inapendekezwa ifutwe kwenye hesabu.

"Ifutwe kwenye kifua cha mwanangu!" Mwasiti alipiga kelele. "Iko wapi?"

Katibu akaurudisha mkia wa kwanza, akasema mahali si suala la hesabu. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa analia na kilio kilisikika hadi ukumbini, akaitisha Baraza la Wizara likae papo hapo. Mwasiti alidhani watajadili namna ya kumsaidia. Walijadili iwapo kitu kilichofunguliwa kwenye nyumba isiyo yake kimefunguliwa au hakijafunguliwa. Mjumbe mmoja mwenye miwani alisema hakijafunguliwa, wenzake wakamzomea kuwa anataka kurudisha nchi nyuma. Mwingine alitoa mfano wa mlango: mlango ukiwa wazi uko wazi, haijalishi unaelekea chooni au sebuleni. Wakapiga makofi. Yule wa miwani akabadili msimamo. Uamuzi ukasomwa wima: picha imefunguka mara mbili, kwa wimbo na kwa hesabu, hivyo lalamiko la mama limefungwa.

Mimi nilipofika hapa katika kusimuliwa nilisimama, nikazunguka nyumba yangu, nikarudi kukaa. Picha imefunguka kwa hiyo lalamiko limefungwa! Watu wazima, wenye watoto wao nyumbani!

Mwasiti alirudi kwa daktari jioni ikiingia. Midomo ya Semeni ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Alikuwa amekalishwa, ameegemezwa mito, anavuta hewa kwa mabega. Alipomwona mama yake alitaka kusema kitu, yakatoka makwaruzo, akaacha. Daktari Shani alimtoa Mwasiti nje ya mlango akamwambia ukweli, kwamba mtoto hataweza kuvuta hivyo hadi asubuhi.

Mwasiti akamuuliza, kwa hasira ambayo haikumstahili yule mwanamke, inakuwaje watu wa nchi nzima wanakubali upuuzi huu. Daktari akamwonyesha kwa kidole mlima wenye ikulu juu yake. Akasema zamani za babu zao iliwahi kunyesha mvua kubwa, watu wakakimbilia kwenye nyumba ya mtu mmoja kujikinga. Mwenye nyumba akawauliza, niwakinge leo tu au siku zote? Watu wameloa, wanatetemeka, watoto wanalia. Wakasema siku zote. Mvua ilikatika siku ileile. Yule mtu akawa mtawala, mwanawe akamrithi, sasa yuko mjukuu, na kila mwaka wanaadhimisha mvua. Kaka yake Daktari Shani alimshikia mtawala mwavuli mara moja alipokuwa kijana; anaushika hadi leo, jua likiwaka, na amesomea uhandisi.

"Na hakuna aliyerudisha neno lake?" Mwasiti aliuliza.

Daktari alisema sheria inaruhusu. Neno la siku zote linaweza kufutwa mbele ya yule aliyepewa, akitaka mwenyewe lifutwe. Ila nani amewahi kupewa kitu milele, kisha akamtaka aliyempa akifute? Ndiyo maana wote huenda Wizarani, na Wizara ipo ili waende.

Mwasiti hakungoja kumaliziwa. Alikwenda Nyumba ya Nyimbo kwa miguu yake, khanga imemteleza begani inaburuzika nyuma yake. Hakuwa na mpango, aliniambia wazi. Alikuwa anakwenda kumtukana mtu.

Ndani palikuwa pamejaa. Kiongozi wao, Mzee Zumari, alikuwa amekaa kwenye kiti kilichoinuliwa, kitambi mbele, fimbo ya kuongozea mkononi. Nyumba ile ilikuwa imekua kuliko zote mjini, maana wageni wengi hupita langoni, husikia tarumbeta, na husema neno lilelile. Waliimba ramani za mashamba, watu wakashindwa kujua mipaka yao. Waliimba matokeo ya mitihani, na mtoto akienda shuleni kuulizwa amepata nini alijibu kwa kiitikio. Jioni ile walikuwa wanaifanyia mazoezi upya picha ya Semeni, wameongeza ngoma.

Mwasiti alisimama katikati yao, na nyota ya chuma ikakatika midomoni mwa watu. Mzee Zumari alimkaribisha kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kushukuriwa. Mwasiti akamwambia yaliyokuwa moyoni mwake yote. Alimwambia hii si nyumba ya nyimbo, hili ni genge la wapiga kelele. Alimwambia wamekula kazi za watu hadi wamenenepa, na ile taa inayowaka bure nyumba ya pili wanaiona na hawaoni haya. Alimwambia wanacheza ngoma juu ya pumzi za mtoto.

Minong'ono ikazuka. Waimbaji walikuwa hawajawahi kuitwa wapiga kelele, tena mbele ya wanagenzi wao. Mzee Zumari alisimama, kitambi kikamtetemeka kwa ghadhabu, akapiga fimbo sakafuni.

"Mama! Futa kauli!"

Mwasiti alifungua mdomo kumwongezea tusi jingine. Kisha akaliacha. Alisema aliyasikia yale maneno mawili yakimwingia taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mahali asipojulikana. Akaiokota khanga, akajitanda vizuri, akamsogelea.

"Unataka nifute kauli?"

"Nataka ufute. Sasa hivi, mbele ya hawa wote."

"Umesikika, mzee wangu. Nafuta kauli," Mwasiti akasema. "Nafuta kauli zangu zote nilizotoa katika nchi hii kuhusu nyumba hii. Ya wapiga kelele nimeifuta. Na ile ya langoni, ya siku zote, nimeifuta. Umetaka mwenyewe."

 Fimbo ilimponyoka Mzee Zumari. Alisema hakumaanisha ile, alimaanisha hii tu ya kelele. Mwimbaji mmoja wa safu ya nyuma, kijana wa sauti nene, akasema polepole kwamba wote wamesikia, na mzee hakusema kauli ipi. Mpiga ngoma akainua mikono kutoka kwenye ngoma. Nje, tarishi aliyekuwa anasikiliza dirishani alikwisha kuchanganya miguu kuelekea langoni.

Mwasiti akamfuata. Karani wa lango alimuuliza upya, kwa sababu mkia sasa ulikuwa hauna mwenyewe: picha ikafunguliwe wapi? Nyumba ya Picha. Leo tu, au siku zote? Hapa hata mimi ningejibu siku zote, maana ndiyo nyumba yake hasa. Mwasiti alijibu leo tu. Karani aliutafuta ule muhuri unaong'aa, akakuta hana wino wake, akaulowesha kwa chai.

Watu wa Nyumba ya Picha walikipokea kifua kile kama wanapokea mgeni aliyepotea. Waliitandaza picha ukutani, kubwa, nyeupe na nyeusi, kila ubavu mahali pake, na Daktari Shani aliyekuja mbio na mgonjwa mikononi hakuhitaji kuuliza. Kifungo kilikuwa kimekaa kwenye panda ya njia ya pumzi, upande wa kulia, kimelala ubavu. Alimlaza Semeni mezani pale pale chini ya picha yake, akamtia usingizi, akapitisha koleo lake jembamba mdomoni, macho ukutani, mkono kooni. Hakukata popote. Kilitoka kifungo kidogo cha sketi, cha kuuza dukani hata hakina bei, kikalia ting kwenye bakuli. Semeni alipozinduka alilia kwa sauti kubwa, ya ukali, ya mtoto aliyeonewa, na mama yake akakaa chini sakafuni akalia pamoja naye.

Hadithi ingeishia hapo ningeridhika. Lakini walipokuwa wanaondoka asubuhi ilibidi wapite lango lilelile, na njiani Mwasiti aliona jambo. Mbele ya ikulu ya mlimani palikuwa na watu. Hawakuwa wengi, na hawakuwa na mabango. Mpiga ngoma alikuwapo, na yule kijana wa sauti nene, na mtu mmoja mwenye mwavuli uliofungwa, ameukumbatia. Walikuwa wanamtukana mtawala kwa zamu, kwa sauti za juu, tena matusi ya nguoni, na kila aliyemaliza alitega sikio. Walikuwa wanangoja akasirike kiasi cha kuwaambia wafute kauli.

Langoni karani alikuwa na kofia ileile na adabu zilezile. Aligonga mihuri ya kutokea, akamwinamia Semeni, akamuuliza kwa sauti ya kubembeleza watoto: ameipenda Mazoea? Angetaka karibu yake iwe ya leo tu, au ya siku zote?

Mwasiti alimwacha mwanawe ajibu. Sauti yake ilikuwa bado na makwaruzo, lakini ilitoka nzima.

"Utaniuliza tena nikija."

Karani alitazama muhuri wa kulia, akatazama wa kushoto. Akamwomba mtoto arudie. Semeni akarudia, neno kwa neno, kwa sauti zaidi, kwa sababu sasa aliweza. Kisha akamshika mama yake mkono wakatoka nje, wakamwacha yule mtu amesimama na mihuri yake miwili, hajui apige upi.